Sauti Yangu Kwenye Chumba cha Giza

Kama umemaliza dawa za TB sugu na masikio yako hayakurudi, ninakuandikia wewe. Sitakueleza dawa zile hufanya nini mwilini. Hilo sikuambiwa wakati lingenisaidia, na sasa halina kazi. Nitakueleza yaliyonipata, moja baada ya jingine. Kabla ya kuugua nilikuwa mwandishi wa habari wa redio mjini Migori, na kupanga mambo ndicho kitu pekee cha kazi ile ambacho ugonjwa haukuchukua.

Sindano zilianza wakati wa mvua ndefu. Kila asubuhi isipokuwa Jumapili nilienda kwenye kituo cha afya ambacho sitakitaja, nikaketi kwenye benchi la nje. Wagonjwa wengine walikuwa na benchi la ndani. Sisi wa TB sugu tulikaa nje ili hewa ituchukue, na mvua ikija na upepo ilitulowesha mpaka magotini. Tulisogea, tukabanana, mwisho tukasimama tumeegemea ukuta. Ukiitwa unaingia, unameza vidonge mbele ya sista, unafungua mdomo aone kwamba vimepita, kisha unageuka uchomwe. Makalio yangu yalijaa mafundo, nikawa nalala kifudifudi. Ngozi ilibadilika rangi, ikawa kama imepakwa masizi na kufutwa vibaya. Kanisani, siku ya Sabato, kilitokea kiti kimoja cha plastiki karibu na mlango. Hakuna aliyeniambia ni changu, lakini kilikuwa hapo kila Sabato na hakuna mwingine aliyekikalia.

Nyumbani, binti yangu Lavenda, aliyekuwa kidato cha pili, alipaka kikombe changu tone la rangi ya kucha ili kisichanganyike na vingine. Alichagua rangi yake nzuri kabisa, ile ya kwenda harusini. Nilimshukuru kimoyomoyo kwa hilo. Baba yake alihamia sebuleni, halafu akahamia kwao Lambwe kuchunga ng'ombe ambao mpaka siku hiyo walikuwa na mchungaji.

Aliyenifanya nicheke miezi ile ni Mwita. Alikuwa Mkuria wa Ntimaru, mfanyabiashara wa mahindi, amepanga chumba Migori ili awe karibu na sindano. Tulikaa pamoja benchini kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyetaka kukaa na sisi.

"Nyar Sindo," aliniambia asubuhi moja. Jina hilo, binti wa Sindo, alilisikia kwa wateja wake Wajaluo na akalipenda. "Leo wanakuchoma upande gani?"

"Kushoto."

"Basi tukitoka mimi nitachechemea kulia, watu wafikiri tunacheza ngoma."

Mlio ulinianza kabla ya mvua kuisha. Wakati huo bado nilikuwa natuma habari redioni kutoka nyumbani nikipata nguvu, na nilidhani hedifoni zangu zimeharibika. Nilinunua nyingine. Nazo zikawa na nyenje ndani. Siku niliyozivua nikasikia nyenje wakiendelea, nilijua hawako kwenye waya.

"Sista," nilimwambia, "kuna kitu kinalia masikioni."

"Hizo ni dawa zinafanya kazi, mama. Ugonjwa unatoka."

"Unatokea masikioni?"

"Wewe nawe. Geuka upande huo."

Mwita alimwambia vivyo hivyo wiki iliyofuata, akapewa jibu lile lile. Mashine ya kupima masikio ilikuwa mji mwingine. Tuliambiwa tutaitwa.

Kiangazi kilipoingia, sikio langu la kulia lilikuwa bado linashika maneno ya mtu akiwa karibu. Ndipo akaja Felix. Alikuwa kijana wa sanaa, anakusanya sauti za wagonjwa kwa ajili ya maonyesho ambayo wakati huo yalikuwa ndoto tu. Alitutoa benchini mmoja mmoja, akatukalisha nyuma ya kituo, akashika kinasa sauti karibu na midomo yetu. Mimi sizungumzi kwenye kinasa sauti bila kujipanga. Nilimwambia mambo manne. Kwamba tulisema mapema kuhusu mlio na hakuna aliyetupima. Kwamba mgonjwa wa mapafu hastahili kunyeshewa ili aponywe. Kwamba watu wangu waliniogopa haraka kuliko walivyowahi kunipenda. Na kwamba namshukuru sista, maana hata mvua ikinyesha hakosi kuja kazini, na siku nyingine barakoa yake ni ile ya jana. Niliyasema kwa mpangilio huo, nikayarudia kichwani nikirudi nyumbani, kama ilivyokuwa desturi yangu baada ya kila taarifa.

Watu huniuliza sauti ya mwisho niliyosikia ilikuwa gani. Sijui. Hakuna aliyeniambia nisikilize vizuri.

Mahindi yalipokuwa yakivunwa nilikuwa kiziwi kabisa, na Mwita pia. Tuliendelea kukaa benchini tukiandikiana kwenye simu, kila mmoja akimwonyesha mwenzake kioo. Nina maongezi yetu yote mpaka leo. Aliandika: "Nyinyi Wajaluo mlikuwa mnaongea sana. Mungu amepunguza." Nikamjibu: "Na nyinyi mlikuwa mnasikiza lini?" Alicheka mpaka watu wa benchi la ndani wakageuka. Kicheko chake sikukisikia. Niliona shingo yake ikitetemeka.

Tulipona. Kadi zetu zilipigwa muhuri, tukaambiwa twende nyumbani. Baba Lavenda alirudi kutoka Lambwe. Kwanza alinipigia kelele, mishipa imemsimama, akidhani neno likisukumwa kwa nguvu litaingia. Halafu akachoka, akawa anamtumia Lavenda kama waya wa simu: mwambie mama yako hivi, muulize mama yako vile. Redioni walinitumia ujumbe wa pole. Mwaka uliofuata Mwita aliniandikia kutoka Ntimaru: "Wamesimamisha sindano. Sasa ni vidonge peke yake."

Niliandika: "Kwa nani?"

"Kwa wanaokuja."

Hilo ndilo kila mtu huliita mwisho mwema.

Miaka ilipita ndipo Felix akanitafuta tena. Alikuwa amepata wafadhili na jengo mjini Homa Bay, ghala la zamani la barafu ya samaki, akaligeuza kuwa nyumba ya sanaa. Maonyesho ya kwanza yangekuwa yetu: sauti za waliopona TB sugu. Alitaka mahali ambapo mtu yeyote mwenye ulemavu ataingia bila kubebwa, akaniomba niwe mmoja wa watakaopita humo kabla ya ufunguzi na kumwambia kinachokosekana. Aliandika: "Madam, sauti yako ndiyo ya kwanza mlangoni. Watu wataipenda."

Nilienda na Lavenda, ambaye sasa ni mwanamke mzima mwenye kazi yake. Mwita alitoka Ntimaru na kofia mpya. Alikuwepo mwanamume mwenye kiti cha magurudumu, na mama mmoja pamoja na binti yake mkubwa ambaye kelele humuumiza kama kipigo. Felix alikuwa na furaha. Mlangoni aliweka njia ya mteremko ya saruji, pana na nzuri, nikamsifu kwa hiyo. Kisha akatuingiza ndani.

Kilikuwa chumba kimoja kikubwa. Madirisha yalikuwa yamefunikwa kwa vitambaa vyeusi, hakuna taa ila kitone kimoja mbali ukutani. Spika zilining'inia kutoka juu, zimefichwa ndani ya nyavu za kuvulia. Sakafuni alikuwa amemwaga mchanga kutoka ufuoni ili mgeni ahisi yuko ziwani. Kitu cha kusoma hakikuwepo.

Lazima nikueleze jambo ambalo hata wewe uliyechomwa huenda ulidhani ni lako peke yako. Sindano hazikuchukua masikio tu. Zilichukua pia kile kinachomwambia mtu kwamba amesimama wima. Mchana naangalia ukuta na mlango, macho yananishika. Gizani sina kitu. Mchanga ulizama chini ya mguu wangu, nikatafuta ukuta, nikaangukia bega. Nilipoinuka mdomo ulikuwa na mchanga, na Mwita alikuwa amekaa chini kwa hiari yake, kofia mkononi, akikataa kujaribu hatua ya pili. Kiti cha magurudumu kilikuwa kimezama mlangoni. Yule binti alikuwa amekwisha kutoka mbio, viganja masikioni, kwa sababu Felix alianza na kikohozi cha watu wengi kwa pamoja, spika zote zikiwa juu.

Tulikaa nje kwenye mteremko wa saruji, mahali pekee palipotufaa. Lavenda aliandika walichosema wengine ili sisi wawili tusome.

Nilimwambia Felix atoe mchanga, afungue madirisha, apunguze sauti na aweke saa za utulivu kwa wasiovumilia kelele, na kila sauti iwekewe maandishi ukutani, makubwa, neno kwa neno.

Mchanga alikubali. Saa za utulivu alikubali, hata akamwuliza yule mama saa ipi inamfaa binti yake. Kwa madirisha alikuna kichwa. Kwa maandishi alikataa.

"Madam," aliandika, "maandishi yataua hisia. Mtu akisoma hasikilizi."

"Na asiyesikia?"

"Tutamleta mkalimani wa lugha ya ishara siku ya ufunguzi."

Mwita alininyang'anya simu. "Atasimama wapi?"

"Hapo katikati."

"Gizani?"

Felix alisoma swali hilo, akaangalia ndani ya ghala lake muda mrefu. Nilimwongezea kwamba mimi na Mwita tulipata uziwi tukiwa watu wazima, lugha ya ishara hatukufundishwa na mtu, hivyo mkalimani akisimama hata juani kwetu ni mtu anayepunga mikono. Anawafaa viziwi wengine na lazima aje. Sisi tunasoma.

Alikubali siku chache baadaye, akanitumia maandishi ya sauti zote niyapitie. "Wewe ndiye mwandishi," aliandika. Niliyasomea jikoni, Lavenda akikatakata sukuma. Ya Mwita yalikuwa mafupi. Yangu yalikuwa mafupi zaidi:

"Namshukuru sista. Hata mvua ikinyesha hakosi kuja kazini."

Nilitafuta ukurasa mwingine. Haukuwepo.

Niligeuza simu nikamwonyesha Lavenda. Nilipopoteza masikio sikupoteza ulimi, kwa hiyo nilimwuliza kwa mdomo: "Ndivyo inavyosema?"

Alitikisa kichwa kukubali.

"Uliisikia lini?"

Alifuta mikono, akaandika kwamba Felix aliituma kwenye simu yake mwaka uliopita kuomba ruhusa ya familia. Baba yake aliisikia. Wazee wa kanisa waliisikia. Shangazi yangu wa Sindo aliisikia, akalia.

"Nilisema mambo manne."

"Ilikuwa nzuri hivyo, Mama."

"Ulijua yamekatwa?"

Aliandika polepole, akifuta na kuandika tena: "Nilisikia kwamba imekatwa. Unavuta pumzi ya kuendelea, halafu inaisha. Lakini kwa mara ya kwanza watu walikusikitikia bila kukuogopa. Sikutaka hiyo iondoke."

Alikuwa mtoto aliyepaka kikombe, akala chakula cha mchana peke yake shuleni kwa sababu ya kifua changu. Nilikuwa na hasira naye hata hivyo, na sitaki kukudanganya kwamba iliisha jioni ile.

Felix nilimkuta Homa Bay juu ya ngazi, akifunga nyavu. Alishuka. Aliandika kwamba sauti ile ilikuwa na kelele za upepo, kwamba maonyesho ni ya matumaini, kwamba watu wa afya wangekuwa mstari wa mbele siku ya ufunguzi na hakutaka kuwaaibisha wageni.

"Nipe yote, isiyokatwa."

"Haipo. Kompyuta ile iliibwa."

Nilirudia neno lake kwa sauti, polepole, nadhani kwa nguvu kuliko nilivyokusudia, maana fundi wake aligeuka: "Kwa hiyo haipo."

"Pole sana, madam."

Elewa kilichokuwa kimepotea. Nilikuwa nimesema mambo yale mara moja tu, kwa sauti niliyokuwa bado naisikia mwenyewe. Sasa nikizungumza sijui kama napiga kelele au nanong'ona. Sauti ya mwanamke yule aliyejua anasema nini na anasikikaje, ikisema hatukupimwa, haiko popote duniani. Kilichobaki ni shukrani yake.

Nilimpa Felix mambo mawili achague. Maandishi ya ukutani yawe yale niliyosema, yote manne, nitayaandika mimi kutoka kichwani. Au anitoe mlangoni, sauti na jina.

"Hayatalingana na sauti."

"Ndiyo. Hayatalingana."

Ufunguzi ulikuwa umekaribia na sauti yangu ilikuwa tayari kwenye kadi za mwaliko. Mwita, aliyekuwa amekuja kujionea hivyo vita, aliniandikia pembeni: "Atakubali. Anadhani wanaosikia hawasomi." Felix alikubali. Siku ile nilidhani Mwita ametania. Baadaye niliona alikuwa amesema kweli.

Siku yenyewe, baada ya saa sita mchana, ghala lilijaa. Mchanga ulikuwa umetolewa na sakafu ya saruji imefagiliwa. Vitambaa vyeusi vilikuwa vimefungwa kando, mwanga wa ziwani ukaingia kila upande. Yule binti alikuja asubuhi, saa ya utulivu, akapita chumba chote na mama yake, na Felix aliwasindikiza mwenyewe. Mwenye kiti cha magurudumu alizunguka humo kama mwenye nyumba. Haya yote ni mazuri na nayasema. Maandishi yangu yalikuwa ukutani karibu na mlango, herufi kubwa nyeusi, hayakukosa neno.

Na wageni wote waliyapa mgongo. Walisimama chini ya spika, nyuso juu, macho yamefumbwa, wakisikiliza mwanamke anayeshukuru. Wazee wa kanisa langu walitikisa vichwa kwa huruma. Ofisa mmoja wa afya alijifuta machoni. Baba Lavenda alisimama karibu nao, mkono kifuani, kama mume wa mtu mwema. Tuliosoma tulikuwa sisi viziwi tu. Mwita aliweka kidole chini ya kila mstari, na mkalimani akawafafanulia wenzetu wengine kwa mikono, katika mwanga. Wanaosikia na sisi tulikuwa kwenye chumba kimoja, na hatukuwa tumeingia maonyesho yale yale.

Kisha niliona nyuso zikishuka. Zote kwa pamoja. Watu walifumbua macho, wakatazamana, mtu akanyoosha kidole kwenye spika. Lavenda alinigusa bega, akaandika: "Stima imepotea."

Felix alipita mbio kuelekea kwenye jenereta. Wageni walibaki wamesimama mchana kweupe bila kitu cha kusikiliza. Mtu mwenye adabu aliyealikwa mahali hawezi kukaa akiangalia viatu vyake muda mrefu. Mmoja aligeukia ukuta. Halafu wawili. Halafu wote walisogea, na niliona midomo ikitembea kidogo kidogo, kama ya watoto wanaojifunza kusoma.

Nilikaa pembeni nikawatazama, kama nilivyozoea kuwatazama watu mahakamani nikiripoti kesi. Ofisa wa afya alisoma mpaka chini, akarudi juu, akaanza tena. Mzee wa kanisa alifika kwenye jambo la tatu, akatazama pembeni. Baba Lavenda alifika hapo hapo. Mkono wake ulitoka kifuani, na hakuwa na mahali pa kuuweka. Nimeishi miaka katika ukimya. Naujua uso wa mtu anayezungumza hata akiwa amenipa kisogo, na hakuna aliyezungumza. Lavenda alikuwa katikati yao. Naye pia hakuwahi kuyasoma yote. Nilikuwa nimeyaandika na kuyapeleka bila kumwonyesha.

Jenereta ilipowaka nilijua kwa mabega yao. Yalishtuka. Vichwa viliinuka kidogo kuelekea juu, vikatazama maandishi, vikainuka tena. Sauti yangu ilikuwa imeanza upya kushukuru, juu ya yale yote waliyokuwa wameyasoma.

Lavenda alipita katikati ya watu, akachuchumaa ukutani chini ya jina langu, akachomoa waya wa spika.